Siku Kikundi Kilipoezua Nyumba Yangu

Walipokuja kuezua nyumba yangu, walianza kwa kuniomba ngazi.

Ngazi yangu mwenyewe.

Nikawapa. Ungefanyaje, nao ni wanakikundi wenzako?

Tulikuwa wanawake watano, hapa kwetu Bangladesh, ukingoni mwa mto Jamuna, tunakopa kwa kudhaminiana. Mmoja akikwama, wanne hawapewi mkopo mpya. Mimi nilikuwa nakaanga bisi za mchele, nauza sokoni. Nikakopa, nikanunua ng'ombe wa maziwa, mwekundu, pembe moja imepinda kidogo kuelekea sikioni.

Akavimba tumbo, akafa.

Mume wangu Kuddus yuko Dhaka, anaendesha riksha, hela hatumi.

Marejesho yakaanza kunipita. Siku ya kikao afisa mikopo, Bwana Motaleb, akakaa mkekani, chai yetu hakuigusa.

"Siondoki mpaka rejesho la Mama Moyna litimie. Na nyie wanne, mkopo wa msimu hamuuoni."

Jua likawaka. Watoto wanalia njaa majumbani. Macho yote kwangu.

Kiongozi wetu, Jorina, akapasuka: "Mama Moyna, sisi tunakauka hapa, na wewe una mabati juu ya kichwa!"

"Dada Jorina, mvua ndizo hizi. Mwanangu ana homa."

"Homa ndiyo rejesho?"

Kimenuka. Wakapanda.

"Shika ngazi vizuri, shoga," Jorina ananiambia, "mtu asije akavunjika kiuno kwa deni lako!"

Wakacheka. Nikashika.

Mabati yakabebwa hadi uani kwa Jorina, naye akalipa deni langu lote. Bwana Motaleb akanikunjulia uso: "Sasa wewe ni mteja safi."

Mvua ikapiga wiki nzima. Nilimfunika Moyna kwa nailoni na magunia ya bisi, nikakaa mimi upande unaovuja zaidi. Homa ilimwacha. Sikio lake la kushoto likabaki kiziwi hadi leo, na sasa yeye mwenyewe ni mama wa watu.

Kikao kilichofuata, Bwana Motaleb akaniita mbele.

"Dada, huna deni, na huna paa. Una sifa zote! Kuna mkopo mpya, wa nyumba."

Jamani, nililia kwa furaha. Nikamwombea dua mbele za watu.

"Na mabati tumeshakutafutia. Muuzaji huyu hapa."

Jorina akasimama, akatengeneza upindo wa sari yake.

Mabati yangu yaleyale. Yalikuwa yamelala uani kwake tu, na bei ilikuwa imepanda mara mbili.

"Mabati mazuri hayo, shoga," akasema. "Hayavuji. Muulizeni aliyekuwa analala chini yake."

Mkeka mzima ukacheka.

Nikamfikiria Moyna pale kwenye nailoni. Nikaandika jina langu kwenye fomu, herufi moja moja.

Wajukuu zangu mnaonisoma, mikopo hii nyie mnaiita kausha damu. Mnakosea. Damu ikikauka mtu hufa, na maiti hairejeshi. Hawa hukuachia kidogo tu, ya kukufikisha kikao kijacho.