Mijohoro ya Mama Kulwa

Nilitoka Muheza kwa basi, nikapanda treni Dodoma, na pale Isaka tukasubiri mabehewa ya mizigo yapangwe hadi nikaijua harufu ya kila kikapu ndani ya behewa letu. Nilishuka Shinyanga na cheti cha kidato cha nne, nikapelekwa moja kwa moja kwenye bustani ya miche karibu na Kolandoto. Msimamizi wa Bustani hakukiangalia cheti. Aligeuza jani la mjohoro, akanionyesha vidoa vyeupe.

"Hayo mayai. Yaminye leo, usije ukakimbizana na viwavi wiki ijayo."

Ndivyo tulivyofanya kazi, vijana. Asubuhi tuligeuza majani na kuokota viwavi, tukawatumbukiza kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Tulitwanga mbegu za mwarobaini, tukaziloweka, tukachuja, kisha jioni tukanyunyizia miche kwa bomba la mgongoni, maana jua kali huivunja nguvu dawa hiyo. Miti mikubwa tuliwaachia ndege na nyigu.

Baadaye nilihamishiwa Buseresere, chini ya Bibi Miti. Ndivyo watu walivyomwita ofisa misitu wetu, mama mcheshi mwenye sauti ya mnadani. Mwishoni mwa kiangazi tuliitwa kwa Mama Kulwa, mjane. Mijohoro aliyoipanda na marehemu mumewe kuzunguka mji wao ilikuwa imeliwa majani yote. Mwanawe Dotto, mchimbaji wa dhahabu, alikuwa amesimama na shoka.

"Mwangaluka, mayu," Bibi Miti akamwamkia mama mwenyeji kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Mmekuja msibani."

"Shikamoo," Dotto akasema. "Hii imekufa. Duara letu linataka matimba." Yaani magogo ya kushikilia kuta za shimo lao.

"Marahaba. Kumbe wewe ndiye daktari wa miti?"

"Mimi naona kuni zimesimama."

"Na mimi naona mwanaume asiyejua kusubiri."

Bibi Miti akakwaruza gome kwa ukucha. Chini yake palikuwa kijani. "Huyu kavuliwa shati tu. Ukikuta kahawia kavu, hapo kata."

Mama Kulwa akapita mti hadi mti, akikwaruza. Kwenye mmoja akasimama. "Huu baba yako aliushika, mimi nikishindilia udongo."

Dotto akatazama pembeni. "Mvua ikinyesha isichipue, nakata."

"Ikichipua?" mama yake akauliza.

"Viwavi wakirudi nitawaokota mwenyewe."

Hatukupiga dawa, viwavi walikwisha kujifunga kwenye vifuko vyao. Tulichimba visahani, yaani vishimo vya kukinga maji, kuzunguka mashina, Mama Kulwa akawa anamwagia maji aliyooshea vyombo. Kila nilipopita nilimkuta akikwaruza, nami nilianza kuogopa kumsalimia. Mvua za kwanza zilinyesha, matawi yakabaki matupu. Dotto akalinoa shoka. Ndipo macho ya majani yakatokea, kwanza kwenye ule mti wa baba yake.

Siku chache baadaye nilimkuta Dotto akiokota viwavi kwenye machipukizi, ndoo ya maji ya sabuni mkononi. "Usicheke," akasema.

Mradi ulipokwisha, miguu ilikuwa imeshaanza kuniwasha kwa hamu ya safari. Nimefanya kazi kwingi tangu hapo, na siku hizi sina bosi wala bomba mgongoni, lakini hakuna mahali ninapopakumbuka kama pale. Nilipokwenda kuaga, Mama Kulwa alikuwa kivulini, anachambua choroko.

"Unakwenda kabisa?"

"Kabisa, mayu."

Akanishika mkono, akanikwaruza kidogo kwa ukucha, akapachungulia.

"Bado mbichi," akasema. "Nenda."