Weupe Kuzunguka Ufa

Mke wa mwenye nyumba wetu pale Kariakoo alinichukua nimsindikize hospitali kwa sababu nilikuwa kidato cha pili, akadhani huko wataongea Kiingereza. Hawakuongea. Daktari alimwuliza kwa Kiswahili mtoto ameanguka lini.

"Jana, barazani."

Mtoto alikuwa wa marehemu dada yake, kaletwa kutoka Lindi, hata miaka minne hajafika. Mkono ulikuwa umevimba, unanuka mafuta ya karafuu.

Daktari akaibandika picha ya eksirei kwenye taa. Kuuzunguka ufa wa juu kulikuwa na weupe, kama moshi wa jiko la mkaa.

"Huu weupe ni mfupa mpya," akasema. "Mwili unajiunga wenyewe, lakini si kwa siku moja. Hapa pana wiki mbili, pengine tatu." Akashusha kalamu hadi karibu na kiganja. "Huku hakuna weupe. Huu ndio wa jana."

Mama yule akatazama kanga yake. Daktari akanigeukia. "Binti, mnakaa nyumba moja?"

Mimi hata darasani nikiulizwa husimama kimya. Siku ile nilisema anapigwa, na anayempiga ni mume wa huyu mama. Sauti ilitoka ndogo mno, ikabidi nirudie. Kurudia kulikuwa kugumu zaidi.

Daktari alimfunga mtoto plasta, kisha akatuagiza. "Nendeni kwa balozi wenu wa nyumba kumi, leo leo. Mwelezeni nilivyowaeleza. Yeye atalifikisha kwenye tawi la chama."

"Balozi ndiye huyo huyo mume wake," nikasema.

Daktari aliniangalia, akaangalia foleni mlangoni. "Basi jaribuni kuongea naye," akasema taratibu, akamwita mgonjwa mwingine.

Tulimkuta balozi barazani anacheza drafti.

"Shikamoo," mtoto akamwamkia.

"Marahaba. Eh, wamekupaka chokaa kama ukuta." Akamtazama mkewe. "Daktari kasemaje?"

Nikasema mimi, huku natazama miguu yangu, kwamba kuna mfupa uliovunjika wiki tatu nyuma.

Wenzake wakaacha kete. Yeye akacheka. "Kumbe picha nayo inajua kalenda? Haya, shauri nimelisikia. Limekwisha."

Mama yangu alinivuta chumbani, akafunga mlango. Tulikuwa tumepanga kwake, twende wapi. Plasta ilikuwa bado mbichi nilipomsikia balozi akimwita mtoto ndani.