Nilivyowapeleka Hondohondo Udachi

Niliondoka kwetu Tingi kwa sababu ya pamba, wala sikwenda kutembea. Mwaka ule akida alitutoa mashambani mwetu tukalime pamba ya serikali, na asiyefika alipigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, mbele ya mkewe. Nilipigwa mara mbili. Kabla ya mara ya tatu akaja Mdachi mmoja, maana Wajerumani siku zile tukiwaita Wadachi, anatafuta mtu anayejua matundu ya hondohondo. Ndege huyo mnamjua: mweusi, tumbo jeupe, mdomo mkubwa wenye pembe juu yake. Watu wakanionyesha mimi, kwa kuwa baba yangu alikuwa mrina asali, na mti wenye shimo haukutupita. Mdachi yule tulimpa jina Bwana Miwani. Kiswahili alikijua, lakini cha kuamrisha.

"Nataka dume na jike, wazima," akasema. "Katika bustani yetu ya wanyama huko Ulaya hakuna aliyeweza kuwazalisha hawa. Utakwenda nao wewe. Siku kinda litakapotoka, nakurudisha kwenu."

"Na lisipotoka, Bwana?"

Akacheka. "Basi utazoea baridi."

Nikamtazama mke wangu, Zainabu. Akasema, "Nenda, mume wangu. Ndege atakudonoa tu. Akida atakuua."

Kilwa Kivinje tulikaa siku nane tukingoja meli ya moshi. Wapagazi walinicheka mpaka wakaketi chini. Mmoja akanipigia kelele, "Wenzako wanapeleka pembe za ndovu, we bwana unapeleka midomo!" Nikamwambia midomo tunayo mingi hapa pwani, tukipunguza miwili hatutaona pengo.

Baharini sina la kusimulia, nilitapika. Adeni nilipata nafuu kidogo, nikanunuliwa kapu la tende za ndege, tukala watatu. Dume alikula nyingi kuliko mimi. Nieleze na hili, ingawa si la safari: tende ya Adeni ina kokwa ndogo na ni tamu sana, na hadi leo nikiila nasikia harufu ya makaa ya meli.

Tulipofika Udachi nikaona bustani yenyewe. Ni mji mzima wa chuma. Simba ana nyumba, tembo ana nyumba yenye jiko la kupasha moto, na hondohondo wangu wakapewa kizimba kirefu chenye sakafu inayong'aa. Aliyekitunza alikuwa mzee wa Kidachi niliyemwita Brashi, maana kila asubuhi alisugua kila pembe kwa maji ya moto. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Jike wa hondohondo akitaka kutaga huingia katika shimo la mti na kuliziba mlango kwa udongo, unabaki ufa mwembamba tu, na dume anamlisha kupitia ufa ule. Kizimbani hapakuwa na shimo wala udongo; jike akabandika mavi na mabaki ya matunda pembeni, Brashi akabandua. Akabandika tena, Brashi akabandua. Mwaka wa kwanza ukaisha hivyo hivyo.

Bwana Miwani akaona nakula bure. Akaniletea ngozi ya chui na manyoya, nivae nisimame kando ya kizimba watu wanitazame.

"Bwana," nikasema, "nilikuja kulisha ndege. Sikuja kutazamwa. Ngozi ya chui kwetu sijavaa hata nikiugua homa."

Akaninyima makaa ya jiko mwezi mzima. Nililala na koti la Brashi juu yangu. Mzee yule hatukujuana lugha, lakini moyo wake ulikuwa safi kama sakafu yake.

Mwaka wa pili nilidai shimo na udongo. Wakaniletea pipa la pombe! Mimi, mtu wa chuo cha Kurani, niliyesoma hadi juzuu ya amma kabla mwalimu hajafariki. Nikaliosha maji saba, nikalitundika, nikatoboa mlango, nikaleta udongo wa mtoni. Brashi nilimnyang'anya brashi yake. Jike akaingia, akaziba. Bwana Miwani akaja mbio.

"Amejifunga! Atakosa hewa!"

"Yuko arobaini, Bwana. Kwetu aliyezaa hukaa ndani siku arobaini. Hatoki, wageni hawamwingilii, mume analeta chakula."

Akafurahi, akaandika. Na hapa nakiri kosa langu mwenyewe. Mimi nilipiga mfano tu, kama tunavyosema sote huku, wala sikuhesabu. Hondohondo hukaa ndani miezi mitatu na zaidi. Kinywa changu kilimpa Mdachi namba, na Mdachi ukishampa namba huwezi kumnyang'anya.

Siku zile zile akaja na gazeti mkononi. "Watu wa kwenu wameng'oa pamba. Matumbi yote ni vita. Wanakunywa maji ya mganga eti risasi zisiwaingie."

"Wameng'oa yote?" nikauliza.

"Yote nini?"

"Pamba, Bwana. Wameng'oa yote?"

Akanitazama sana, akaondoka na gazeti lake. Mimi nikabaki na furaha na hofu kifuani pamoja. Zainabu alikuwa humo ndani ya vita, na njia yangu ya kumrudia ilikuwa ndani ya pipa.

Siku ya arobaini, asubuhi, Bwana Miwani akafika na nyundo na patasi, nyuma yake mabwana wenzake na wake zao wenye kofia za maua.

"Siku zimekwisha. Ulisema mwenyewe."

"Nilipiga mfano. Huyu mbawa zake zimenyonyoka mle ndani. Ukimtoa hawezi kuruka, na kinda litakufa kwa baridi."

"Ondoka mlangoni."

"Siondoki."

"Nitakupiga!"

"Hamsa ishirini nimekula mara mbili kwa ajili ya pamba, isiyolia wala kutaga. Kwa huyu nipige mia."

Nikaingia kizimbani, nikakomea kwa ndani, nikaegemeza mgongo kwenye pipa. Wale mabibi wakacheka. Mmoja akanirushia biskuti kati ya vyuma. Nikaiokota, nikampa dume, naye akaipeleka kwa mkewe kupitia ufa. Hapo kicheko kikakatika. Kilichomo ndani hatukukiona, ila sote tulisikia: vidomo viwili vinalilia chakula, kimoja kikubwa, kimoja kidogo.

Bwana Miwani akashusha nyundo. Lakini sikumwamini. Kila siku nilikaa mgongo kwenye pipa, na Brashi akinipitishia chai, ufagio wake ameulaza mlangoni kama bunduki. Zikapita siku hamsini na kitu tena. Jike akabomoa mwenyewe, akatoka na kinda.

"Kinda hilo, Bwana," nikasema. "Meli iko wapi?"

Alinirudisha, kwa kuwa wale mabwana walikuwa mashahidi wa kinda lile. Akatanguliza barua kwa wakubwa wa Kivinje: nikifika, niwaonyeshe matundu yote ninayoyajua.

Kivinje nilikuta kimya. Kutoka hapo hadi Tingi, maghala yamechomwa na askari, mashamba ni majani. Zainabu nilimwona ukingoni mwa msitu akichimba ming'oko, viazi vya porini vya wakati wa njaa.

"Shikamoo, mume wangu. Umenenepa."

"Marahaba. Nawe umekonda."

"Pamba tuliing'oa," akasema, kama anayenipa habari ya harusi. Kisha akalia.

Wiki ya pili Mdachi kijana akafika na barua ile, askari wawili na mkalimani. Tulikuwa tumeketi nje, watu kama kumi, tumebaki mifupa.

"Hondohondo wako wapi?"

"Wamekwisha. Moto wenu umewafukuza."

Papo hapo wakalia, juu kabisa, ndani ya miti ya bondeni. Hondohondo halii kama ndege. Analia kama mtoto mchanga aliyeachwa peke yake.

"Na hiyo sauti ni nini?" akauliza.

Zainabu akajibu kabla yangu. "Watoto wetu. Wana njaa. Twende ukawaone?"

Mkalimani alitufasiria, na yeye alikuwa mtu wa Lindi, alijua vizuri sana ile ni sauti gani. Alifasiri kama Zainabu alivyosema, neno kwa neno. Mdachi akawa mwekundu, akaikunja barua, akageuza njia.

Nilichojifunza katika safari yote ile ni kunyamaza. Udachi nilieleza sana, nikakaribia kuua ndege kwa maelezo yangu. Matundu ninayajua tisa. Sijamwonyesha mtu, na ninyi mnaosoma msiniulize.