Mlango Uliokaliwa na Kiti

Ontlametse Seabi alikuwa mhandisi katika kiwanda cha magari ya kivita nje kidogo ya Pretoria, na kazi yake ni ile isiyompa mtu marafiki: kuangalia gari zima, wakati wenzake kila mmoja anaangalia kipande chake. Walimwita Mama Mkwe, maana hakuna chungu asichokifunua.

Wiki ile magari yalikuwa yakabidhiwe jeshini. Kikosi cha kwanza kuyapanda, kwenda nayo huko kwenye mabomu ya kutegwa, kilikuwa cha mdogo wake, Gofaone.

"Viti vimepita," alisema Van Deventer, mkuu wa viti. "Bomu likilipuka chini, kiti kinadidimia, mgongo wa askari unapona."

"Milango nayo imepita," akadakia Sello, fundi milango.

"Mliijaribu viti vikiwa vimedidimia?"

Wakatazamana. Sello akacheka. "Mama Mkwe, sasa unatafuta mchanga kwenye uji. Milango tunaijaribu kabla viti havijafungwa. Ndivyo tunavyofanya siku zote."

"Basi leo tufanye vingine."

Viti vikadidimizwa, askari waliokuja kuyapokea magari wakapanda na mizigo yao yote, Gofaone akakaa karibu na mlango. Wakaambiwa watoke. Walio nje wakangoja, wakangoja. Mwishowe ikasikika sauti ya Gofaone, nyembamba nyuma ya chuma: "Dada, kiti kimeukalia mkono wa mlango. Hatutoki."

Van Deventer akavua kofia. Kila mtu alikuwa amefanya kazi yake vizuri, na kazi zote kwa pamoja zilikuwa zimewafungia watu ndani.

Makabidhiano yakaahirishwa. Sello akaupandisha mkono wa mlango juu, Van Deventer akimshikia futi ya kupimia. Kabla ya hapo hao wawili hawakuwahi kuonekana kwenye gari moja. Siku hizo nyumbani, Ontlametse alikuwa akimega ugali na kuurudisha sahanini.

Jaribio la pili, mlango ulifunguka kabla hajamaliza kuvuta pumzi. Gofaone alitoka wa kwanza, akayumba kwa uzito wa mzigo.

"Kaka Sello," alisema, "mlango huu mwepesi kuliko wa friji ya mama."

Ontlametse alitaka kumkemea kwa utani wake. Akamshika bega tu. Askari wenzake wakaanza kupiga miluzi.

"Niachie, dada, wananiona."

Hakumwachia.