Mpiga Chapa Aliyesahihisha Daftari la Bintiye

Saa tatu asubuhi. Mpiga chapa anafuta vumbi kwenye kompyuta yake, anatia kalamu zote ndani ya droo na kuifunga kwa ufunguo. Mbele yake ameketi fundi cherehani wa mtaa huu, ameshika hadithi yake ya kwanza.

"Haya dada, soma."

"Nisome mimi? Si nimekuletea wewe!"

"Mimi nina jicho baya. Nikiona kosa, simwoni tena mtu. Soma, nisikie."

Fundi anasoma. Mzee anasikiliza, macho ameyafumba.

"Nimepotea pale mume anaporudi. Na mwisho uko wapi?"

"Bado. Mwanzo tu nimeurudia mara tisa."

"Tisa! Gauni la mteja unarudia kola mara tisa, mikono hujaweka?"

Fundi anacheka hadi anafunika uso kwa karatasi.

"Maliza kwanza, hata likipinda," mzee anamwambia. "Lilaze wiki nzima. Kisha mpe mtu asiyekuonea haya, umuulize alichoka wapi. Akikujibu, usimbishie."

Kwa kazi hii hatozi kitu. Mkate wake ni barua na fomu za watu, kurasa ishirini au thelathini kwa siku, mwaka wa thelathini na moja sasa.

Ushauri huo aliupata kwa machozi. Miaka sita iliyopita binti yake wa pekee, wa miaka kumi na tisa, alimletea daftari. Ndani mlikuwa na hadithi ya msichana anayewaficha wazazi wake maumivu ya kifua.

Baba akachukua kalamu nyekundu. Ukurasa wa kwanza pekee, makosa arobaini na moja.

"Nilimrudishia limekuwa jekundu tupu. Nikamwambia, mwanangu, hata nukta hujui kuweka. Akasema, sawa, Baba. Hakuniletea tena."

Miezi minne baadaye binti alianguka uani akianika nguo. Ulikuwa moyo. Hospitalini wakaambiwa wamechelewa. Mungu amrehemu.

Baada ya maziko ndipo alipolisoma daftari lile kama baba.

"Alikuwa ananiambia," anasema. "Nilisahihisha maumivu ya mwanangu, sikuyasoma."

Alilificha daftari, hata mkewe asijue. Akaanza kuandika kitabu juu ya binti huyo: rasimu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Lakini kinyozi hajinyoi. Mwezi uliopita alimpa mkewe rasimu ya tatu asome.

Mama alisoma siku nne, ameketi mlangoni mwa jiko. Siku ya tano akamrudishia karatasi.

"Mwanangu nimemwona," akasema. "Wewe sijakuona. Ulikuwa wapi, Baba?"

Mzee akainuka. Alilitoa daftari, akamwekea mapajani.

Mama alilisoma lote, pamoja na wekundu wake. Akaingia chumbani, akafunga mlango. Siku tatu nyumba ile haikusikia neno ila la sala. Siku ya nne akatoka.

"Na hili liandike. Usilipambe."

Sasa mzee yuko kwenye rasimu ya nne. Anatumaini, Mungu akijalia, kuimaliza kabla ya mwaka kwisha, itoke hata nakala moja tu, ya mama.

Ukimuuliza kama mkewe amemsamehe, anajibu:

"Sijathubutu kumuuliza. Ila jana, akinimiminia chai, kaniuliza nimefika ukurasa wa ngapi."