Mashine ya Marehemu Usumani

Ukifika Kabeza ukauliza nyumba ya mtu wa majani, hata mtoto wa chekechea atakuonesha kwa Viateur Nduwayo. Ana miaka hamsini na saba. Alizaliwa Bujumbura, akaja Kigali akiwa kijana, na tangu hapo kazi yake ni moja: kukata majani ya wenye nyumba kubwa kuelekea uwanja wa ndege, na kutengeneza mashine za wale wanaojikatia wenyewe. Mashine yenyewe anaiita tondezi, kama walivyoiita wazee wa Burundi, na ukiiita kwa jina jingine anakutazama kama mtu ambaye hajaoga.

Ni mtu mwema, hilo niliseme mapema kabla sijaanza kumsengenya. Hanywi kupita kiasi, hakosi misa, na hajawahi kumwachia mteja majani yakafunika viatu. Lakini kichwa chake kigumu, Mungu amsaidie, na ana desturi moja ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Tondezi ikifa, haiuzi kwa watu wa vyuma chakavu hivi hivi. Anaiua kwanza. Anachukua nyundo nzito, anapasua kichwa cha injini, anapinda mhimili wa kisu, anaponda kifuniko chenye kamba ya kuwashia, mpaka kisibaki kitu ambacho binadamu anaweza kukirudisha kazini.

Sababu anayo. Zamani fundi mmoja wa Remera, Mutsinzi, alichukua injini ambayo Viateur aliiuza kama chuma tu, akaifunga kwenye mwili wa mashine nyingine, akamuuzia mama mmoja. Haikumaliza wiki. Mama alipokuja juu, Mutsinzi akamjibu bila haya, "Injini ni ya Viateur, muulize yeye." Habari ikasambaa mpaka Kicukiro. Tangu siku hiyo Viateur aliapa kwamba hakuna chuma kitakachotoka kwake kikiwa bado kinapumua.

Sasa, Usumani. Huyu alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana. Walikutana kwenye umuganda, ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi ambapo mtaa mzima unatoka kufanya usafi. Walipewa fyekeo na kupangiwa mtaro mmoja. Usumani alikuwa Mwislamu wa swala tano, mtoto wa ukoo wa mafundi cherehani ambaye sindano ilimchosha. Viateur ni Mkatoliki wa rozari mfukoni. Kabla mtaro haujaisha walikuwa wameshakubaliana kufanya kazi pamoja, na kwa miaka zaidi ya kumi walikwenda wawili, kila mmoja na mashine yake. Ya Usumani ilikuwa ya kijani. Aliinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anahama.

Ugonjwa wa sukari ulipoanza kumshika vibaya, Usumani aliisukuma ile ya kijani mpaka kwa Viateur. Ilikuwa inawaka na kuzimika.

"Iache hapo," Viateur alimwambia. "Ni kabureta tu hiyo. Wiki hii nitakuwa nimeimaliza."

"Wiki hii ya mwaka gani?" Usumani alimtania, maana alikuwa anamjua.

Usumani hakupona. Baada ya mazishi mashine ilibaki nyuma ya jiko, chini ya bati. Mwaka wa kwanza Viateur alisema ataishughulikia mvua zikikatika. Mwaka wa pili alisema kabureta za aina ile zimeadimika. Mwaka wa tatu hakusema kitu. Alianza kuzunguka upande wa pili wa jiko ili asiione.

Ndipo Umutoni, binti yake wa pekee, alipopata mchumba. Kwa Wanyarwanda jambo hilo halimalizwi kwa simu. Kuna siku ya gusaba, wakwe wanapokuja nyumbani kwenu na wasemaji wao kuomba binti mbele ya watu. Mahema mawili yalitakiwa kufungwa uani, na uani kwa Viateur palikuwa na tondezi mbovu tisa.

Mkewe, Gahongayire, hakuzungusha maneno. "Baba Umutoni, watu wanakuja kuomba binti, hawaji kutafuta vipuri. Zitoke."

Alhamisi asubuhi Viateur alimwita Léonidas, mnunuzi wa vyuma chakavu, akaja na gari lake dogo. Viateur akavua shati, akashika nyundo. Nane alizivunja bila kupumzika, na jirani mmoja akaja kuchungulia ukutani akidhani watu wanapigana. Ya tisa ilikuwa ile ya kijani. Hapo alisita, na mimi namsifu kwa kusita kwake, ingawa hakukusaidia kitu.

Léonidas aliinama akavuta kamba. Injini ikakohoa mara mbili.

"Mzee, hii haijafa," alisema. "Hii iache nzima."

"Unanifundisha kazi?"

"Sikufundishi. Nakuambia tu haijafa."

Viateur alijiambia hivi: Usumani yuko kaburini, mjane wake anashona nguo Remera, tondezi ataifanyia nini? Hayo ndiyo aliyojiambia, na yalikuwa na sura ya maana. Ukweli ni kwamba alikuwa anaona haya. Ile mashine ilimkumbusha kila siku kwamba kazi ya nusu siku, kazi ya rafiki yake, ilimshinda miaka mitatu. Alitaka iondoke machoni pake. Akapiga. Alipomaliza, Léonidas aliokota vipande, akavirusha garini pamoja na vingine.

Sherehe ilifana, sitakudanganya. Uani palikuwa safi, wasemaji walitaniana mpaka watu wakashika mbavu, na Umutoni alipotoka ndani amependeza, Viateur alilia waziwazi. Kwa miezi sita hakuikumbuka ile mashine hata kidogo.

Jumanne moja, akiwa anakunywa chai ya asubuhi, hodi ikapigwa. Alikuwa Raihana, mjane wa Usumani. Uso wake ulikuwa mchangamfu kuliko siku yoyote tangu msiba.

"Shemeji, karibu! Kumbe unakumbuka njia ya kwetu."

"Nimeikumbuka kwa shida zangu," alijibu akikaa. "Macho yamenikatalia, shemeji. Kutia uzi kwenye sindano mpaka nimwite jirani. Daktari kanambia niache kushona, na nikiacha kushona sisi tutakula nini?"

Viateur alitikisa kichwa kwa huruma. Alikuwa bado hajui maneno yale yanaelekea wapi.

"Lakini Mungu hamtupi mja wake," Raihana aliendelea. "Kuna shule moja Kicukiro nilikuwa nawashonea sare. Wanatafuta mtu wa kukata majani, mwaka mzima. Nikawaambia, mimi hapa. Wakacheka. Kisha wakaona mimi sicheki. Sharti lao ni moja, uje na mashine yako. Nikawaambia mashine ninayo, iko kwa Viateur."

Jamani! Viateur alihisi chai imegeuka maji ya mtaro kooni. Gahongayire, aliyekuwa mlangoni na sahani ya maandazi, alisimama pale pale.

"Iko?" Raihana aliuliza.

"Iko," Viateur alijibu. "Iko, shemeji. Nasubiri kipuri tu. Kinatoka Kampala."

"Kazi inaanza baada ya wiki mbili."

"Itakuwa tayari."

Raihana alimshika mikono yote miwili. "Usumani aliniambia hospitalini, siku ukikwama nenda kwa Viateur, kitu changu kikiwa kwake kiko mahali salama." Akala andazi moja, akaaga, akaondoka akitembea haraka kama msichana.

"Kipuri gani hicho cha Kampala?" Gahongayire aliuliza Raihana alipokuwa ameshapotea kwenye kona.

"Niache."

"Sikuachi. Mfuate umwambie, hajafika mbali."

Hakumfuata. Alikwenda kwa Léonidas. Labda, alifikiri, mwili wa mashine bado upo kwenye rundo, labda mpini, angeanzia hapo. Léonidas alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akajikuna shingo.

"Mzee, mzigo ule uliondoka wiki ile ile. Alumini walichukua watu wa masufuria. Chuma kilikwenda kuyeyushwa, sasa hivi ni nondo kwenye ghorofa ya mtu. Na hata kama ungekuwepo, injini uliipasua mwenyewe. Mimi nilikuambia nini?"

"Ulinambia."

"Haya. Nilikuambia."

Alizunguka siku nne akitafuta mashine kama ile. Mpya haikushikika kwa bei, ukizingatia ametoka kuozesha. Alijishusha mpaka kwa Mutsinzi, mtu ambaye alikuwa hajamsalimia kwa miaka. Mutsinzi alicheka mpaka akakaa chini, kisha akasema kwa upole, na upole ndio uliouma, kwamba miaka mingi injini zote nzuri za kizamani zilikuwa zinaingia kwa Viateur, na kwa Viateur zilikuwa hazitoki. "Umetumalizia akiba, mzee," alisema. "Ungetuuzia nzima, leo ningekuwa nayo moja ya kukupa." Viateur alikumbuka zote alizozivunja kwa hasira ya jina lake, moja baada ya nyingine, na alijuta, si kwa ajili ya Raihana peke yake.

Mtu akibanwa hivyo anafanya mambo ya ajabu. Siku ya tano Viateur alirudi nyumbani na kopo la rangi ya kijani. Alisukuma tondezi yake mwenyewe, nyekundu, ile inayomlisha, akaiweka uani juu ya gunia, akaanza kuisugua kwa msasa. Gahongayire alitoka jikoni akaangalia kopo, akaangalia mashine, akaelewa.

"Kwa hiyo utampa hii, umwambie ni ya mumewe."

"Atakuwa na mashine. Si ndicho anachotaka?"

"Na wewe utasukuma nini? Na siku akimwonesha mtu aliyefanya kazi na Usumani?" Aliokota kopo lile akaliweka mbali. "Yule mama macho yanamsumbua, ndiyo, lakini hajawa kipofu. Uliua mashine, sasa unataka kumuua na yeye akili. Nenda Remera, Baba Umutoni. Nenda sasa hivi, kabla sijaenda mimi."

Akaenda. Raihana alikuwa kwenye kibanda chake cha kushonea, anakunja vitambaa vya wateja ili awarudishie. Viateur alikataa kiti. Alimweleza akiwa amesimama, toka bati la nyuma ya jiko hadi nyundo, hadi Kampala. Hakuacha kitu, hata kopo la rangi alilitaja.

Raihana hakupiga kelele. Aliendelea kukunja kitambaa kile kile, akakikunjua, akakikunja tena.

"Mashine ningekusamehe siku ile ile," alisema mwishowe. "Ni chuma. Ungenambia nimeivunja shemeji, nisamehe, ningelia kidogo, yakaisha. Lakini ulinitazama usoni ukanambia iko. Nikarudi nyumbani nikawaambia wanangu tumepona. Walipiga vigelegele, Viateur. Unajua walivyopiga vigelegele?"

Hakumwita shemeji. Viateur alilisikia hilo kuliko yote.

"Chukua ya kwangu," alisema. "Nzima, inawaka vizuri. Nitakuletea leo."

"Halafu mkeo ale nini? Unataka watu waseme Raihana amemnyang'anya mtu tonge?" Aliweka kitambaa chini. "Sikiliza. Kazi ni yangu, mimi ndiye niliyeiomba. Jumatatu ya kuanza kazi utakuja shuleni saa moja na mashine yako. Siku mbili kwa wiki. Utasukuma pale nitakapokuambia usukume, na mwisho wa mwezi nitakupa sehemu yako kama mfanyakazi yeyote. Ukichelewa nitatafuta mwingine."

"Nitakuja."

"Tutaona."

Jumatatu alifika saa kumi na mbili na nusu, akamkuta Raihana ameshafika, amefunga khanga kiunoni na kuvaa gambuti kubwa kuliko miguu yake. Mlinzi aliwafungulia. Uwanja wa shule ulikuwa mpana, majani yamelowa umande. Viateur aliiwasha tondezi, akaanza kukata kwa mistari iliyonyooka kutoka ukutani, na Raihana akimfuata na reki bila kumsemesha. Walikwenda hivyo mpaka mapumziko ya saa nne, wanafunzi walipotoka wakaanza kuwashangaa.

"Zima," Raihana alisema. "Nataka kujifunza. Sitakaa na reki mwaka mzima."

Viateur alimwonesha pa kushika, namna ya kuvuta kamba, na namna ya kuzungusha kwenye kona bila kuinua mwili wa mashine. Raihana alivuta mara tatu ikawaka. Akasukuma. Hatua kumi mabega yalianza kutetemeka, hatua ishirini jasho likamwingia machoni, na alipofika ukutani hakuweza kuigeuza. Alisimama ameinama juu ya mpini, anahema. Viateur alikuja akaizima.

"Nzito," alisema Raihana.

"Nzito, ndiyo."

Alijifuta uso kwa ncha ya khanga, akamgeukia. Kwa mara ya kwanza siku ile alimtazama usoni.

"Ya Usumani nayo ilikuwa nzito hivi? Maana kama ilikuwa hivi, nisingeiweza hata ungenipa."

Alikuwa anamfungulia mlango, na Viateur aliuona. Neno moja tu, ndiyo, na wote wawili wangepata nafuu.

"Hapana, shemeji," alisema. "Ile ilikuwa nyepesi. Mtoto wa miaka kumi angeisukuma. Wewe ungeiweza bila shida."

Raihana akashika mpini tena, akamwambia amsaidie kuigeuza.