Gari Lililopoteza Maji Bila Kudondosha

Miaka ile ya ruksa, magari ya nje yalipoanza kuingia kwa wingi, mwanangu alileta gari la mtumba kutoka Dar, lile la mashindano, milango miwili, limekaa chini kama paka anayenyemelea. Baba yake hayupo, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nipeleke posa yake Mtinko, kwa wazazi wa mchumba wake. Kumbe gari linapoteza maji. Kila jioni rejeta imepungua, na chini hakuna hata tone.

Siku moja kabla ya safari akaja fundi. Akaniamkia, akachungulia, akasema, "Mama, injini inakunywa maji. Tuifungue."

"Ukiifungua, kesho tunaondoka?"

"Kesho hapana."

"Basi usiifungue. Wakwe wameshachinja mbuzi. Tazama tena."

Akalala chini na tochi, akinung'unika. Baadaye akaniita. Nyuma ya injini, juu ya bomba la moshi, palikuwa na mchirizi mweupe. "Hii nini, unga?" akauliza.

Nikaukwangua kwa ukucha, nikaonja. Chumvi. Ni maji ya kisima chetu, ndiyo tunayojazia rejeta; hata sufuria zangu yanaziacha hivyo hivyo.

Fundi akacheka. Mpira wa maji ulikuwa na ufa, na maji yakidondokea bomba la moto yalikauka palepale. Akakata ncha iliyopasuka, akaukaza upya.

Mtinko tulifika asubuhi, rejeta imejaa. Ila kiti kilikuwa chini mno, nikashindwa kunyanyuka.

"Mkwe, mbona hushuki?" wakauliza.

"Nivuteni," nikawajibu. "Posa ninayo mimi."